Mtoto anaogelea mita 25 vizuri, akiendea 50 anashika kamba. Ni pumzi, miguu au nini?

#1 Mama_Salha
Wakuu salaam. Binti yangu ana miaka 8, tuko Dar. Anaogelea mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipishana) mita 25 bila kusimama, sekunde 32 hadi 35. Kuna timu ya watoto tunataka aingie. Majaribio yao ni mita 50 mtindo huru mfululizo, mita 25 za mgongo, na mita 25 za kupiga miguu akiwa na kibao. Mgongo na kibao anapita. Kwenye 50 anageuka ukutani, halafu mita ya 35 hivi anashika kamba inayotenganisha njia za bwawa. Ukimuuliza, mikono haijachoka. Anasema kifua kinabana. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, na akitoka shule anakula saa kumi. Zimebaki wiki tano. Nirekebishe nini kwanza? Na akiingia timu anatakiwa awe na vifaa gani?

#2 Boda wa Tabata
Sekunde 32? Mimi mita 25 za maji nazimaliza kwa kwenda chini. Naweka mkeka hapa nisome.

#3 Mzee wa Saa
Mama Salha, umejijibu mwenyewe uliposema kifua kinabana. Huyo mtoto hatoi pumzi majini. Anaibana, akigeuza kichwa anataka atoe na avute hapo hapo, na nafasi yenyewe haifiki hata sekunde moja. Anachovuta ni kidogo, hewa chafu inabaki ndani, kabonidioksaidi inapanda, na hiyo ndiyo inayoleta hisia ya kubanwa. Mita 25 mtoto anaweza kuzidanganya kwa kubana pumzi, lakini 50 hazidanganyiki.

Simama pembeni ya bwawa umtazame uso. Mapovu yanatakiwa yatoke mfululizo tangu uso unapoingia majini. Ukiona mapovu yanalipuka mara moja tu pale anapogeuza kichwa, ndiyo hiyo.

Dawa: kila siku ya mazoezi aanze na kuzama na kuibuka mara 20, ameshika ukuta. Chini ahesabu tatu huku anaunguruma "mmmm" kwa pua, juu avute kwa mdomo kwa hesabu ya moja. Mtoto anayeunguruma hawezi kubana pumzi, labda aache kuunguruma, na utamsikia. Baada ya hapo mita 25 mara 6, mapumziko sekunde 20, avute pumzi kila mikono miwili.

#4 Njia ya Nne
Mzee wa Saa kila mtoto kwake ni pumzi. Mtoto anaweza kutoa mapovu vizuri kabisa na bado akakata, kwa sababu anaogelea akiwa amesimama kama mlingoti. Kichwa kinatazama mbele, nyonga zinazama, miguu inaburuta. Anatumia nguvu nyingi kuliko anazopaswa kwa kila mita, na kinachobana kifua ni hiyo kazi.

Kupima: hesabu mikono. Kila mkono unaoingia majini ni moja. Andika mikono ya mita 25 za kwanza na za pili. Kama za kwanza ni 26 na za pili zinaelekea 34 kabla hajashika kamba, mwili umevunjika njiani. Kama idadi haibadiliki mpaka anapoacha ghafla, hapo nitampa Mzee wa Saa haki yake.

Zoezi: alale kifudifudi ajiachie, macho yatazame vigae vya chini, maji yamguse katikati ya utosi. Halafu apige miguu akiwa amelala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele na sikio limelala juu ya bega hilo, mita 12 ubavu mmoja na 12 mwingine. Akishaweza hilo, kichwa hakiinuki tena akivuta pumzi, kinageuka tu.

#5 Chura Kiziwi
Ugali wa saa kumi, majini saa kumi na moja. Tumbo limejaa, kiwambo cha pumzi hakina pa kushukia, halafu mnashangaa kifua kinabana. Mlo mzito uwe saa mbili au zaidi kabla ya maji. Akitoka shule mpe ndizi moja na maji. Ugali na maharage baada ya kuoga.

#6 Boda wa Tabata
Chura kaingia na ugali wake. Ila maharage na kuogelea kifudifudi, nyuma yake njia ya tatu wataumia.

#7 Fundi Bwawa
Mnabishana kuhusu pumzi na mlingoti, hakuna aliyemuuliza swali la kwanza: hilo bwawa limepimwa? Mabwawa mengi ya hoteli na ya nyumba za kupanga ni mita 15, 18 au 20, na mlinzi atakuambia "ni mita 25 hili, mama". Chukua futi ya fundi, pima ukuta kwa ukuta. Kama ni la mita 20, binti hajawahi kuogelea 25 hata siku moja.

Jambo la pili ni ukuta. Kujisukuma vizuri kunampa mtoto mita 4 au 5 za bure, kwa hiyo "mita 25" zake ni mita 20 za kuogelea. Akifika ukutani anashika kwa mikono miwili, anainua kichwa, anasimama, anageuka kama anageuza gari, anaondoka juu juu bila kujisukuma. Mita 25 za pili zinakuwa 24 za jasho. Mama Salha anasema "anageuka ukutani" tu. Naomba nisiamini mpaka nijue miguu yake inagusa ukuta chini ya maji kwa kina gani.

Hahitaji kupinduka kichwa chini sasa hivi. Aguse kwa mkono mmoja, avute magoti kifuani, mkono wa pili tayari umeelekea alikotoka, avute pumzi moja, azame, nyayo ukutani nusu mita chini ya uso wa maji, mikono juu ya masikio, kiganja juu ya kiganja, ndipo asukume. Apige miguu mara sita kabla ya mkono wa kwanza. Mara 10 kila siku ya mazoezi.

#8 Pweza Baharia
Nyie watu wa mabwawa mnachanganya. Watoto wa Nungwi na Pangani wanaogelea tangu wana miaka minne, hakuna kuunguruma wala kuhesabu mikono.

#9 Njia ya Nne
Pweza, maji ya chumvi yanakubeba, bwawa halikubebi hivyo. Na baharini lazima uinue kichwa uangalie wimbi na ngalawa. Mtoto wa pwani akiingia timu, kitu cha kwanza kocha anachopambana nacho ni hicho kichwa. Ila kwa kutoogopa maji hapo umenishinda, sina ubishi.

#10 Mkoko wa Mwanza
Na sisi wa ziwani je?

#11 Pweza Baharia
Nyie mkapime kichocho kwanza halafu mrudi kwenye uzi.

#12 Dada Klorini
Nachangia upande wa miguu maana naona umepita bila mtu. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko ya mikono, ikifanya kazi ovyo inamaliza hewa yote. Watoto wengi wanapiga miguu kutoka kwenye goti, kama baiskeli. Povu jingi, mwendo hakuna. Mguu utoke nyongani, goti lilegee kidogo, kifundo kilegee kabisa, vidole vielekee nyuma. Mtoto ambaye akishika kibao anabaki palepale au anarudi nyuma, tatizo ni kifundo kigumu: kinavuta maji badala ya kuyasukuma.

Kipimo rahisi: mwekee boya la katikati ya mapaja aogelee 50 bila kupiga miguu. Akimaliza bila kubanwa, wa kulaumiwa ni miguu. Akibanwa vilevile, ni pumzi.

#13 Njia ya Nne
Dada Klorini, hicho kipimo hakitenganishi. Boya linazuia miguu kupiga, lakini pia linainua nyonga. Akimaliza 50 utajuaje ni kwa sababu hakupiga miguu au kwa sababu mwili ulilala sawa?

#14 Dada Klorini
Kweli. Basi afanye na boya huku anapiga miguu kidogo kidogo. Ni vigumu, lakini inawezekana.

#15 Mzee wa Saa
Na mimi nasubiri abanwe akiwa na boya, nije kuchukua ushindi wangu.

#16 Daktari wa Zamu
Kabla hamjagawana ushindi: kifua kubana kwa mtoto kinaweza kuwa pumu inayotokea wakati wa mazoezi. Dalili za kuangalia ni kikohozi kikavu dakika 5 hadi 15 baada ya kutoka majini, sauti ya filimbi akitoa pumzi, au kubanwa huko huko akikimbia uwanjani. Ikiwepo mojawapo, apimwe kwanza, mazoezi ya kuunguruma yasubiri. Wenye pumu wanaogelea na wanashindana, ila wanajulikana kwa kocha na dawa ya kuvuta inakaa pembeni ya bwawa, haikai kwenye gari.

#17 Jamaa wa Kinyerezi
Pia inaweza kuwa klorini imezidi. Bwawa likinuka sana ujue wamemwaga dawa nyingi.

#18 Dada Klorini
Hapana mkuu, ni kinyume. Klorini safi kwenye kiwango, yaani miligramu 1 hadi 3 kwa lita na pH kati ya 7.2 na 7.8, hainuki hivyo. Harufu kali inayochoma macho ni kloramini, inayotokea klorini ikikutana na jasho, mafuta ya mwili na mkojo. Bwawa linalonuka mara nyingi linahitaji klorini zaidi na maji mapya. Na watoto waoge kabla ya kuingia, wasisubiri kuoga baada tu. Kwenye mabwawa ya wazi hewa inapeperusha, lakini kloramini inakaa sentimita chache juu ya maji, palepale mtoto anapovutia pumzi.

#19 Boda wa Tabata
Kwa hiyo ile harufu ya "bwawa safi" ni mkojo. Asanteni, nimemaliza kuogelea maisha yangu.

#20 Mama_Salha
Asanteni sana wote. Nimepima kwa futi: bwawa ni mita 22 na sentimita 40. Fundi Bwawa nimekuvulia kofia. Majaribio yanafanyika kwenye bwawa la mita 25 kweli. Filimbi na kikohozi hana, na akikimbia habanwi. Mikono nimehesabu: kwenda 27, kurudi aliacha akiwa kwenye 25, karibu mita 9 kabla ya ukuta. Miguu ukutani inagusa juu, kama sentimita 10 tu chini ya maji. Mapovu sijaelewa, wakati mwingine yapo, wakati mwingine hayapo.

#21 Fundi Bwawa
😂 "Mita 25 hili, mama."

#22 Njia ya Nne
Mikono 25 kwa takriban mita 13, wakati mikono 27 ilimtosha mita 22. Huo si mwili kuvunjika ni nini?

#23 Mzee wa Saa
Mwili unavunjika KWA SABABU hewa imeisha. Mtoto akikosa hewa anainua kichwa kuitafuta, akiinua kichwa nyonga zinashuka. Njia ya Nne unaona moshi unasema ndio moto.

#24 Chura Kiziwi
Siku aliyopimwa alikula nini?

#25 Kocha wa Jioni
Nimesoma yote. Mna wiki tano, hamna muda wa kumpata mshindi. Fanyeni hivi, kila mmoja atapata chake.

Wiki ya kwanza: kuzama na kuibuka mara 20, kujisukuma ukutani mara 10, halafu urefu mmoja mara 8, mapumziko sekunde 30. Wiki ya pili yale yale, mapumziko sekunde 15. Wiki ya tatu, urefu mmoja, ajisukume vizuri, kisha mikono sita na kusimama. Kila siku ya mazoezi ongeza mikono minne. Hiyo mikono ihesabiwe kwa sauti na mtu wa pembeni, mtoto awe na lengo la namba, asiwe na lengo la ukuta. Wiki ya nne, urefu wa kwenda na kurudi mara 3, pole pole, mapumziko dakika moja, na mara moja arudi na kwenda tena mikono kumi, maana bwawa lenu ni fupi na 50 kamili zinadai mita tano za ziada. Wiki ya tano punguzeni, na angalau siku moja mwende kwenye bwawa la mita 25 alizoee. Ikiwezekana siku ziwe tatu kwa wiki badala ya mbili. Dakika 40 mara tatu zinamfaa mtoto wa miaka 8 kuliko saa nzima na nusu mara mbili.

Na mwambie aanze polepole. Chukua muda wake akifika nusu ya bwawa. Kama sekunde 32 zake ni 13 nusu ya kwanza na 19 ya pili, anakimbia mwanzo. Sekunde 16 kwa 16 ndiyo inayofika 50.

Kuvuta pumzi kila mikono mitatu waachieni baadaye. Kwa sasa kila miwili.

#26 Njia ya Nne
Hapo kwenye miwili napinga. Akizoea upande mmoja, anapinda, na kupinda ndiko kunakomtoa kwenye mstari mpaka kwenye kamba. Angalau urefu mmoja avute kulia, mwingine kushoto.

#27 Kocha wa Jioni
Hilo nakubali, na ni zuri kuliko mitatu kwa mtoto huyu.

#28 Mwamuzi wa Pembeni
Mama Salha, jambo moja ambalo wazazi hawalijui: kwenye mtindo huru kusimama chini hakumtoi mtoto mashindanoni. Kutembea ndiko kunamtoa, na kuivuta kamba. Majaribio yana masharti yake, ila mfundishe mapema kwamba akikwama asimame tuli, avute pumzi mbili, aendelee. Asiizoee kamba.

Mengine yanayowatoa watoto wengi kila mashindano: mtindo wa chura kugusa ukuta kwa mkono mmoja, au mguu mmoja kupiga kama mkasi; mgongo kugeuka kifudifudi kabla ya kugusa mwisho; kipepeo miguu kupishana. Kwenye mgongo kuna bendera juu, mita 7 kutoka ukutani, ahesabu mikono yake kutoka pale asigonge kichwa.

#29 Kocha wa Jioni
Bendera ni mita 5, mwamuzi.

#30 Mwamuzi wa Pembeni
Mita 5, sahihi. Vidole vimeteleza.

#31 Jamaa wa Kinyerezi
Na akiruka kabla ya mlio, si anaonywa mara ya kwanza?

#32 Mwamuzi wa Pembeni
Hapana, anatolewa mara moja. Mpangilio wa filimbi: fupi fupi mfululizo ni kujiandaa, vua nguo za juu, ndefu moja ni kupanda kibao cha kuanzia, mgongo ndefu ya kwanza waingie majini, ya pili washike nafasi. Baada ya hapo "tek yo maksi" (kaeni tayari), kimya, mlio. Mtoto mgeni aifanye mazoezini mara tano tu, ataelewa. Na kuruka kutoka kibaoni pale maji yanapofika kifuani kwa mtu mzima si pa kujaribia. Kanuni ya kimataifa inataka kina cha angalau mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani. Pungufu ya hapo aanzie majini.

#33 Mama wa Mapacha
Vifaa naona vimesahaulika. Miwani: ibandike machoni bila kamba, ikishika yenyewe sekunde mbili tatu inamfaa, ikidondoka haimfai hata ukiikaza, itamwachia alama tu. Usifute kioo kwa ndani na kidole, utaondoa dawa ya kuzuia ukungu. Nunua mbili, moja itapotea wiki ya kwanza. Nguo: yenye poliesta nyingi inadumu na klorini, ya laikra inalegea haraka. Ya mtumba ivute uisikilize. Ikilia kama karatasi kavu mpira umekufa, itamvuka akijisukuma. Kaptula ya ufukweni inajaa maji kama ndoo. Andika jina kwenye kila kitu.

Kuhusu nywele: zilowanishe na maji safi na upake mafuta ya nazi kidogo kabla ya kofia, zitanyonya klorini kidogo. Mwenye rasta achukue kofia kubwa ya silikoni. Zile kubwa za chapa ya Soul Cap zilikataliwa na FINA (shirikisho la kuogelea la dunia) 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, zikakubaliwa Septemba 2022, kwa hiyo mtu asikutishe.

Masikio: ainamishe kichwa, avute sikio, akaushe na taulo. Kijiti cha pamba usiingize.

#34 Ustadh wa Mtaa
Na nguo za kujisitiri kwa binti?

#35 Mama wa Mapacha
Mazoezini timu nyingi hazina shida, mradi iwe kitambaa cha kuogelea kinachobana. Pamba inavuta maji. Kanuni za kimataifa za bwawani zinataka isipite bega, shingo wala goti. Kwenye mashindano ya klabu muulize mwamuzi mkuu mapema, wiki moja kabla. Asubuhi ya siku yenyewe umechelewa.

#36 Nyangumi wa Kasarani
Jirani zenu wa Kenya tunasoma tu. Sisi bwawa la mita 50 tunalo Kasarani tangu Michezo ya Afrika ya 1987. Na Jason Dunford wetu alichukua medali Beijing.

#37 Mzee wa Saa
Karibu, ila usituongezee medali. Dunford aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, 51.14, mwaka 2008. Rekodi ikavunjwa na Čavić wa Serbia kwenye mchujo huo huo, na fainali Dunford alikuwa wa tano, rekodi akaichukua Phelps wa Marekani.

#38 Nyangumi wa Kasarani
Sawa, wa tano. Nyinyi wa ngapi?

#39 Boda wa Tabata
Sisi bado tunapima bwawa.

#40 Kocha wa Jioni
Kabla uzi haujaenda Nairobi. Mama Salha, majaribio si ya mtoto peke yake, na wewe ipime timu. Hesabu watoto walio kwenye njia moja ya bwawa. Wa umri huo wakizidi 8 kwenye bwawa la mita 25 wanagongana na kusubiri kuliko kuogelea. Nani mwokoaji, na je, ni mtu mwingine mbali na kocha? Boya la kuokolea na fimbo ndefu viko wapi? Chumba cha kubadilishia nguo nani anaingia? Kocha akikataa wazazi kukaa hata kwenye jukwaa la mbali, uliza kwa nini. Lakini usisimame pembeni ya maji unapiga kelele "miguu, miguu"; mtoto akiwa na kichwa majini hasikii, na akisikia anainua kichwa.

Siku ya kwanza afundishwe mduara: abaki kulia mwa mstari mweusi, aondoke sekunde 5 au 10 baada ya wa mbele, akifika ukutani asogee kwenye kona asimzuie anayefika. Akiguswa nyayo maana yake anaombwa kupisha, na anapishia ukutani. Watoto wapya wengi wanalia wiki ya kwanza kwa sababu ya kuguswa nyayo, wanadhani wanaonewa.

#41 Mama_Salha
Kwa wale wa boya: leo kaogelea urefu mara mbili nalo, kamaliza bila kushika kamba, ila kasema kifua "kimebana kidogo". Kala ndizi tu.

#42 Mzee wa Saa
Kifua kimebana. Nimeshinda.

#43 Njia ya Nne
Kamaliza. Nimeshinda mimi.

#44 Chura Kiziwi
Ndizi tu, mnasikia? Ndizi tu.